Seredani chumbani: kigunduzi cha gesi kijaribiwe kabla ya baridi ya Ukambani

Kuanzia Juni hadi Agosti, watu wetu wa mwambao wanaofanya kazi Ukambani hukutana na jambo wasilolizoea: baridi. Mwalimu aliyepelekwa Kilungu au Mbooni, dereva anayelala Makindu, mwenye duka pale Sultan Hamud (mji wa Makueni uliobeba jina la Sultani wa Unguja mpaka leo), wote usiku hutafuta joto. Na joto la karibu ni makaa. Kitui inajulikana nchini kote kwa makaa, hata mwanzoni mwa 2018 Gavana Charity Ngilu akapiga marufuku kuyasafirisha nje ya kaunti. Marufuku hiyo ilikuwa kwa ajili ya miti. Juu ya makaa yanayobaki nyumbani na kuingizwa chumba cha kulala, hatusikii mengi.

Wengi tumelelewa tukiambiwa kuwa makaa yakishaiva, yakawa mekundu na moshi ukaisha, hayana neno tena. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Moshi huwasha macho na kukohoza, kwa hiyo humfukuza mtu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu wala haiwashi, na makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa kwa wingi. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoishinda oksijeni mara 200 na zaidi. Mwili unakosa hewa huku mtu anapumua. Jiko la bati na udongo la kuokoa makaa, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa unayochoma, lakini gesi hii haliiondoi.

Nyumba za nyasi za zamani zilipitisha hewa kila upande. Chumba cha kupanga cha leo, chenye ukuta wa matofali, dari, dirisha moja na kitambaa kilichosokotwa chini ya mlango kuzuia baridi, hakipitishi. Wafugaji nao wapo: vifaranga huwekewa jiko la makaa usiku wapate joto, na mwenyewe hulala nao banda moja asije akaibiwa.

Sasa tuje kwenye kigunduzi. Ni kifaa kidogo cha betri chenye kihisi ndani kinachopima gesi hii hewani na kupiga king'ora. Si kile cha moshi, na wala hakitambui gesi ya mtungi ikivuja. Watu huvichanganya vitatu hivi, kisha hukitundika mahali si pake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribiana na wa hewa, huchanganyika nayo chumba kizima. Kwa hiyo chumbani kigunduzi kiwe kimo cha kichwa cha mtu aliyelala, pasipo pazia wala kabati mbele yake. Kikiwa chumba chenye jiko, kiwe umbali wa mita moja hadi tatu kutoka motoni, kisipigwe na mvuke wa sufuria.

Vigunduzi vingi tunavyoviona huletwa na jamaa kutoka Uingereza au Marekani, na mara nyingine ni vile walivyovitoa kwenye kuta zao. Hapo mimi nina shaka kubwa. Kihisi huchakaa hata kama hakijawahi kukutana na gesi. Vingi hudumu miaka 5 hadi 7, vichache hufika 10. Geuza nyuma usome tarehe. Ikiwa imepita, hicho ni pambo la ukutani hata taa yake ikiwaka kijani. Afadhali usiwe nacho, ukajua kwamba huna, kuliko kulalia mlango mmoja na hirizi ya plastiki.

Kukijaribu ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe cha majaribio mara moja kwa wiki, au kwa uchache mara moja kwa mwezi, mpaka kipige kelele. Wenye nyumba wote wasikie, watoto nao, wajue sauti hiyo maana yake nini. Lakini elewa kitufe hicho kinapima nini: betri, king'ora na mitambo ya ndani. Hakithibitishi kwamba kihisi bado kina uhai, ndiyo maana tarehe ya nyuma ina uzito. Usikijaribu kwa kukishika juu ya seredani wala kwenye ekzosi ya gari. Utakiharibu, na wewe mwenyewe utaivuta. Betri za kubadilisha zibadilishwe kila mwaka. Vumbi la Ukambani, jekundu na jembamba, liondolewe kwa brashi laini. Usikipulizie dawa ya mbu, manukato wala sabuni ya maji, kwani mvuke wake huharibu kihisi.

Sauti zake nazo zina lugha. Kwa vingi, milio minne ya haraka, kimya kidogo, kisha minne tena, ni gesi. Mlio mmoja mfupi kila baada ya nusu dakika au dakika ni betri inayokwisha. Karatasi ya kifaa chako ndiyo yenye neno la mwisho. Wala usidhani kimechelewa: kwa kipimo cha Ulaya, gesi ikifika sehemu 50 katika milioni ya hewa hulia baada ya dakika 60 hadi 90, ikifika 300 hulia ndani ya dakika tatu. Kikilia wakati umewasha chetezo cha udi, usikizime kwa hasira. Udi unakaa juu ya kaa, na kaa ni kaa.

King'ora kikilia, watu watoke nje kwanza. Mambo ya dirisha na jiko baadaye. Dalili hufanana na malaria isiyo na homa: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Ukiona nyumba nzima inaumwa pamoja na ikitoka nje inapata nafuu, usinunue dawa ya malaria. Nendeni hospitali yenye oksijeni, na mtaje makaa mapema, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni hudanganywa na gesi hii: chaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa nne au zaidi kupunguza gesi kwa nusu. Kwa oksijeni kamili ya barakoa, kama saa moja hadi moja na nusu.

Asiye na kigunduzi ana njia isiyo na betri. Sahihi ya Bukhari na ya Muslim zimepokea katazo la Mtume, rehema na amani zimshukie, la kuacha moto ukiwaka nyumbani watu wanapolala. Seredani itoke nje kabla ya mlango kufungwa, na iachwe huko hata ikionekana ni majivu matupu, maana kaa lililofunikwa na jivu huendelea kutoa gesi kwa saa nyingi.