Waliokesha Wakisikiliza Ndege

Usiku mmoja wa Septemba 1896, Orin Libby alipanda kilima karibu na Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani. Darubini isingemsaidia, kwani giza lilikuwa limetanda. Alitega masikio, akahesabu milio ya ndege wahamao waliokuwa wakipita juu yake. Kabla hakujapambazuka, alikuwa amehesabu 3,800.

Ndege wengi wadogo huhama usiku, hewa ikiwa tulivu na yenye ubaridi, na mwewe wakiwa wamelala. Njiani huitana kwa mlio mfupi mno, usiofika hata nusu sekunde. Libby, ambaye kwa taaluma alikuwa mwanahistoria, aliweza kuihesabu milio hiyo. Kuwataja ndege wenyewe kwa majina ndiko kulikokuwa kugumu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti Richard Graber na William Cochran wa jimbo la Illinois waliitwisha mashine kazi ya kukesha. Tepu za kawaida ziliisha kabla ya alfajiri, basi wakaunda kinasa sauti chao kwa ekseli za baiskeli, kikabeba tepu ya futi 6,000.

Mwaka 1985 ikawa zamu ya Bill Evans. Akiwa amepiga kambi kando ya mto St. Croix, Minnesota, alisikia kekeo wakipita gizani, kundi baada ya kundi, akaamua kuifuatilia milio hiyo. Baadaye alibuni kifaa ambacho yeyote angeweza kukiweka juu ya paa lake: kipaza sauti ndani ya chungu cha maua cha plastiki, mdomo ukielekea angani, umefunikwa kwa karatasi ya nailoni kuzuia mvua. Mwaka 2002, yeye na Michael O'Brien walitoa santuri ya kompyuta yenye milio ya aina 211 za ndege. Sasa majina yakapatikana.

Masika ya 2020, Uingereza ilipojifungia kwa sababu ya korona, watu walitoka uani usiku, wengine wakaacha vinasa sauti madirishani. Wakasikia bata weusi wa baharini wakikatiza juu ya miji iliyo mbali na pwani. Bata hao hawakuwa wageni wa njia hiyo. Ila mwaka huo ndege nyingi za abiria zilikuwa zimetua, na ndege wenye manyoya wakapata kusikika.