Wazee Tuliowanukuu

Historia ya Waembu na Wameru kabla ya mkoloni ilitoka vichwani mwa wazee. H.S.K. Mwaniki aliwauliza wazee wa Embu na Mbeere, na mwaka wa 1973 akachapisha The Living History of Embu and Mbeere. Upande wa Meru, Mmarekani Jeffrey Fadiman alikaa na wazee akawahoji. Kitabu chake, When We Began There Were Witchmen, kilitoka 1993. Ukifuatilia habari ya rika fulani au vita fulani, mwisho wa safari unamkuta mzee mmoja aliyekumbuka.

Na mzee huyo akianza kusahau? Shosho yangu wa Runyenjes alipoanza kumwita mjomba kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, jibu la kila mtu lilikuwa fupi: uzee tu. Majirani wengine walikuwa na jibu baya zaidi, la kurogwa. Hakuna aliyetamka Alzheimer, ingawa daktari Mjerumani ambaye ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake aliueleza tangu 1906.

Kwa miaka mingi hata wanasayansi hawakuwa na la kusema kuhusu ubongo wa mzee wa huku. Mwaka wa 1996 Julius Ogeng'o, mwanaanatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa Nairobi, Dar es Salaam na Cleveland, Marekani, walichapisha utafiti juu ya ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila dalili za kupoteza akili. Baadhi ulikuwa na mabaka ya protini ya amiloidi, yale yale yanayoonekana kwa wagonjwa wa Alzheimer. Walipolinganisha na wazee wa Cleveland, hali ilikaribiana. Ile hadithi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu ilianza kuyumba hapo.

Kati ya waandishi wa makala hiyo yumo Raj Kalaria, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Newcastle, Uingereza. Orodha ya machapisho yake ni ndefu, na makala ya 2008 katika Lancet Neurology, kuhusu Alzheimer na demensia ya mishipa ya damu katika nchi zinazoendelea, imenukuliwa sana. Lakini mimi ninayoipenda ni ya 2010. Yeye na wenzake, wakiwemo watafiti wa Nairobi, walikwenda Nyeri, ng'ambo tu ya mlima kutoka kwetu, wakawapima wazee Wakikuyu. Kipimo chao kilitokana na kile kilichotengenezwa kwa ajili ya Wakrii, wenyeji wa Kanada, ili mtu ambaye hajasoma asifeli kwa sababu ya shule. Mzee anaulizwa, kisha jamaa yake naye anaulizwa: amebadilika? Anasahau mambo yapi?

Walichunguza pia jeni ya APOE, ambayo aina yake ya 4 inaongeza hatari ya Alzheimer kwa watu wa Ulaya na Marekani. Nyeri haikuonekana kwenda sambamba na ugonjwa. Ibadan, Nigeria, nako kiungo hicho kilikuwa dhaifu. Yaani jambo lililodhaniwa ni la binadamu wote huenda linategemea ni nani umempima.

Sasa angalia hesabu za kunukuliwa, ambazo wanasayansi huzitumia kupimana kama wachezaji wanavyohesabiwa mabao. Makala moja ya 2006 katika Nature, kuhusu protini iliyodaiwa kuharibu kumbukumbu ya panya, ilinukuliwa takriban mara 2,500. Mwaka wa 2024 iliondolewa, kwa sababu ya picha zilizochezewa. Panya wale walipata wasomaji ambao wazee wa Nyeri hawajawahi kuwaota. Mimi niliacha chuo, kwa hiyo sina nywila ya maktaba yoyote. Nyingi ya makala hizi nimesoma ikisiri tu, na zinalipiwa kwa dola. Shangazi aliyemtunza shosho hajui hata kwamba zipo.

Kiembu kinasikilizana na Kikikuyu, kwa hiyo maswali ya Nyeri yangevuka mlima bila taabu kubwa. Kimeru ni kazi zaidi. Kuna Kiimenti, kuna Kitigania, kuna Kiigembe, na lazima kwanza mtu akae na wazee wa kila upande awaulize wao husemaje mtu akianza kupotea akiwa amekaa papo hapo nyumbani kwake.