Shikamoo: Salamu Iliyotoka Miguuni

Bibi yangu mzaa mama, pale Pangani, aliitikia shikamoo ya kila mtoto wa mtaa, lakini yeye mwenyewe sikuwahi kumsikia akiitamka. Wazee waliomzidi umri aliwaamkia sabalkheri asubuhi na masalkheri jioni, ameinamisha kichwa na kanga ameivuta vizuri. Nilikuwa na miaka tisa nilipomuuliza sababu. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akaacha kukuna, akapangusa vidole, akasema: "Mama yangu aliishika hiyo miguu, mjukuu wangu. Aliishika kweli, ndani ya beseni la shaba, kila magharibi. Mimi imenitosha."

Mama yake aliletwa pwani kutoka upande wa Nyasa akiwa mtoto mdogo. Zama hizo miwa ya bonde la mto Pangani ililimwa kwa mikono ya watumwa, na waliobaki mjini walitumika majumbani: kuteka maji, kutwanga, kuosha miguu ya bibi mwenye nyumba.

Neno lenyewe halifichi lilikotoka. Krapf na Steere, wamisionari walioandika Kiswahili cha karne ya 19, waliikuta salamu hii ikiwa bado na kichwa chake, "nashika moo", yaani nashika miguu yako. Ilikuwa salamu ya mdogo kwa mkubwa na ya mtumwa kwa bwana wake. Na hapo ndipo palipomchoma bibi. Bwana angeweza kuwa kijana wa miaka ishirini, mtumwa ana mvi kichwa kizima, na bado mwenye mvi ndiye aliyeshika miguu.

Uhuru ulikuja kwa vipande. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Huku kwetu bara, Wajerumani walitangaza mwaka 1904 kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 atakuwa huru. Bibi alikuwa ameshazaliwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, naye wakati huo ni mtu mzima.

Salamu hii ingeweza kuzikwa pamoja na minyororo. Haikuzikwa, na naamini walioiokoa ni watu wa aina ya bibi yangu. Walipopata nyumba zao na watoto wasioweza kuuzwa, walitaka nao waamkiwe na watoto hao. Miguu ikabaki kwenye neno tu. Kilichohesabiwa sasa kikawa umri. Hata jibu lilifaa. Marahaba ni neno la Kiarabu la kumkaribisha mtu. Mtoto anajishusha, mkubwa anampokea, kisha anamuuliza hujambo, na mazungumzo yanaanza. Bibi alikuwa akiitikia kwa kuvuta, "Marahabaaa," mkono uko kichwani kwako, wala hauondoi mpaka umemwambia umetumwa wapi na nani.

Mwaka 1977, elimu ya msingi kwa wote ilipoanza na walimu tukawa hatutoshi, nilipelekwa kufundisha Usukumani nikiwa kijana mbichi. Wasukuma wana salamu yao, mwangaluka, na wasichana huipigia goti. Nyumbani watoto waliamkia hivyo, wakivuka mlango wa darasa wanasimama wote kwa pamoja: "Shikamoo mwalimu!" Neno la uani Pangani limefika kwenye mashamba ya pamba, na hakuna hata mmoja wao aliyejua habari za beseni. Nilifurahi kwamba hawakujua.

Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetufundisha kumwita kila mtu ndugu, waziri na mkulima. Shikamoo haikuguswa. Haikuwa na haja ya kuguswa, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuiondoa kwenye cheo tukaiweka kwenye miaka, na miaka hainunuliwi.

Ndiyo maana niliumia, majuzi, nje ya ofisi moja mjini. Mlinzi mzee, ndevu zote nyeupe, alikimbia kufungua geti, akainama kwenye dirisha la gari: "Shikamoo bosi." Ndani alikuwa kijana asiyefika miaka thelathini na tano. Akaitikia "Marahaba" bila kugeuza shingo, akapita.

Ile haikuwa heshima. Ile ilikuwa nashika moo ya zamani, imerudi na kichwa chake.

Kijana, mtu wa umri wa baba yako akikuamkia hivyo, usiitikie. Teremsha kioo, mtazame, umwamkie wewe: "Shikamoo, mzee."