Maradhi ya Akili Kazini: Ruhusa, Cheti na Siri ya Mgonjwa

Himdi zote Anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam).

Swali linalorudi kwetu kutoka kwa wazazi ni hili: kijana ameajiriwa benki au kampuni ya simu Dar es Salaam, amekuja nyumbani Unguja au Pemba, halali, chakula hakimpiti, simu ya mkuu wake ikilia anatetemeka. Mwili mzima. Je, akiomba ruhusa ya ugonjwa atakuwa amemdanganya muajiri?

Hatakuwa amedanganya, maadamu anaumwa kweli. Sonona na hofu iliyopita kiasi ni maradhi, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametuamrisha kujitibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na ya nafsi pamoja. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa kwamba amepungukiwa na imani tu ni kumuongezea mzigo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Haikubagua ugonjwa wa mwili na wa akili. Lakini muajiri halazimiki kulipa asipoletewa cheti cha daktari.

Hapo ndipo familia hujikwaa. Kijana hupelekwa kwa mganga, au hufungiwa chumbani akisomewa, wiki mbili zinapita, simu imezimwa. Kwa kanuni za Bara, kukosa kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha kazi. Atapona, lakini kazi hana. Ruqyah ya kisharia haigombani na hospitali: msomeeni, na siku hiyo hiyo mpelekeni kwa daktari, kisha muajiri ajulishwe. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. (Jina hilo limegeuzwa matusi mitaani, nasi tunaamini aibu hiyo imewachelewesha wengi.)

Anayefanya kazi Zanzibar yuko chini ya Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005. Asichukue hesabu za Bara. Aulize Kamisheni ya Kazi.

Baadhi ya kampuni zina sera ya afya ya akili: mshauri anayelipiwa, siri, na kurudi kazini kidogo kidogo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inataka zaidi ya hayo, wakuu wa idara wafunzwe na mazingira ya kazi yenyewe yarekebishwe. Ni sawa, kwani semina ya nusu siku haimfai anayefanya kazi saa 14 na kukoseshwa hata nafasi ya kuswali.

Cheti kikishatolewa, kiende kwa anayehusika na wafanyakazi pekee. Kisipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kwa nia ya kuombewa dua. Dua inaombwa bila kutaja ugonjwa.

Na Allah Anajua zaidi.