Kabla ya Benni kulikuwa na Kimanzi

Agosti 2025, siku Kenya ilipiga Morocco 1-0 kwenye CHAN, hapa Kola barabara ilikuwa tupu. Sote tulikuwa tumebanana kwenye kibanda kimoja cha kuonyesha mechi, wengine wamesimama mlangoni. Ryan Ogam alipofunga, mzee mmoja alinimwagia chai yake yote mgongoni. Sikusema kitu, nani ana muda wa kukasirika siku kama hiyo? Lakini baada ya mechi binamu yangu, ako Form Four, akasema Benni McCarthy ndiye kocha wa kwanza wa ukweli Kenya imewahi kupata. Na watu wakakubali! Hata yule mzee wa chai, ambaye kwa umri wake anafaa kujua.

Sina shida na Benni. Alishinda Ligi ya Mabingwa akichezea Porto mwaka 2004, na kwenye kundi la CHAN lililokuwa na Morocco na DR Congo hatukupoteza mechi hata moja. Madagascar ilitutoa robo fainali kwa penalti, sawa. Shida yangu ni hilo neno "wa kwanza".

Mulwa, Mulee, Kimanzi. Hayo majina ukiyaita kwa gwaride la shule yoyote huku Kalama, watoto watano wataitika. Marshall Mulwa alishinda CECAFA na Harambee Stars mara tatu mfululizo: 1981, 1982, 1983. Jacob Mulee, yule Ghost mnayemjua kwa kicheko cha asubuhi pale Radio Jambo, alikuwa golikipa kabla awe kocha, na ndiye aliyetupeleka AFCON ya 2004 kule Tunisia. Tulipigwa na Mali, tukapigwa na Senegal, halafu tukaifunga Burkina Faso 3-0. Huo ndio ulikuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa kwa AFCON. Leo ukimtaja Ghost, mtu anakuuliza kuhusu Patanisho.

Lakini wa kuniuma zaidi ni Francis Kimanzi.

Kimanzi alitokea Mathare, kwa MYSA, ule mradi ulioanza 1987 ambapo timu ilikuwa inapata pointi kwa kufunga mabao na pia kwa kuzoa takataka mtaani. Akachezea Mathare United, baadaye akawa kocha wao, na 2008 wakachukua ligi. Mwaka huohuo alikuwa na Harambee Stars kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2010. Tulianza vibaya, Namibia ikatufunga 2-1 kwao. Kisha Zimbabwe 2-0 Nairobi. Guinea 2-0 Nairobi. Tukamaliza wa pili nyuma ya Guinea kwa pointi moja, tukaingia raundi ya mwisho. Desemba 2008 Kenya ilikuwa nambari 68 duniani kwa orodha ya FIFA, na hatujawahi kupanda juu ya hapo.

Mwanzoni mwa 2009 Kimanzi akaondolewa.

Soma hiyo tena. Timu iko raundi ya mwisho ya kutafuta Kombe la Dunia, iko juu kuliko wakati wowote, na kocha anabadilishwa. Akaletwa Mjerumani, Antoine Hey. Tukacheza mechi sita na Nigeria, Tunisia na Mozambique, tukashinda moja tu. Kabla ya mechi ya mwisho Hey akaondoka zake, na Twahir Muhiddin akaachiwa timu. Novemba 14, 2009, Kasarani, Dennis Oliech akatufungia bao la kwanza, watu wakaanza kuota. Obafemi Martins akafunga mawili, ikaisha 3-2, Nigeria ikaenda Afrika Kusini. Sisi tulikuwa mkiani tukiwa na pointi tatu.

Sisemi Kimanzi angetupeleka. Kuna kitu hata hivyo. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua vile mtu huangalia karatasi yako kabla aangalie kazi yako. Kwa Kimanzi kazi ilikuwa mezani tayari na bado hawakuiangalia.

Akaitwa tena mwisho wa 2011. Hapa nitakuwa mkweli, hakung'ara. Tuliifunga Togo 2-1 nyumbani, wakatufunga 1-0 kule Lomé, tukatoka kwa sheria ya bao la ugenini. Katikati ya 2012 akaachishwa, na baada ya muda akaja Henri Michel, mtu aliyeipa Ufaransa nafasi ya tatu Kombe la Dunia la 1986. CV tamu. Hakumaliza hata mwaka.

Mara ya tatu ilikuwa 2019. Msumbiji ilitufunga Kasarani, na hiyo sitaitetea. Lakini Novemba tulienda Alexandria, Misri ikatangulia kwa Kahraba, Michael Olunga akasawazisha, 1-1. Oktoba 2020 tukaipiga Zambia 2-1 pale Nyayo, mechi ya kirafiki. Siku kumi na moja baadaye, Kimanzi hayuko. Aliyechukua nafasi ni Ghost, na yeye naye akaachishwa Septemba 2021 baada ya sare mbili, na Uganda na Rwanda. Mrithi wake Engin Fırat alianza kwa kufungwa na Mali tano bila.

Najua mtaniambia Sébastien Migné alitupeleka AFCON ya 2019, na Mbelgiji Paul Put alishinda CECAFA ya 2017 hapa kwetu Machakos, kwa uwanja wa Kenyatta. Kweli. Put aliondoka miezi michache baadaye, kwa hivyo hata wageni hawapewi muda. Ila mgeni akiondoka tunasema ameshindwa na Kenya. Kimanzi akiondoka tunasema Kimanzi hajui kazi.

Nilimtumia binamu yangu hii yote kwa WhatsApp. Hakubishana. Aliuliza swali moja tu: siku ile ya Nigeria, Oliech alikuwa na miaka mingapi?

Nikamwandikia: 24.