Dawa Kutoka Maji Taka

Mwaka nilioacha chuo, kazi yangu nyumbani ilikuwa kuosha kidonda cha shosho. Ana sukari, na kisigino kilikuwa kimegoma kupona. Antibiotiki ya kwanza haikufanya kazi. Ya pili pia. Daktari akasema hizo bakteria ni sugu, akaandika ya tatu, ghali kuliko zote. Usiku huo nikaingia kwenye simu kutafuta: kabla ya antibiotiki, watu walitibu vidonda na nini?

Ndipo nikakutana na Félix d'Hérelle. Jamaa hakuwa na digrii. Alijifundisha sayansi mwenyewe. Lakini mwaka 1917, akiwa Taasisi ya Pasteur huko Paris, alitangaza kwamba kuna virusi vinavyoua bakteria. Alivipata kwenye kinyesi cha wagonjwa wa kuhara damu, akaviita bakteriofaji. Mwingereza Frederick Twort alikuwa ameona kitu kama hicho mwaka 1915, ila d'Hérelle ndiye aliyewaza dawa.

Faji hutua juu ya bakteria, huingiza jeni zake ndani, huzaliana humo, kisha bakteria hupasuka. Seli zetu haziguswi. Shida ni kwamba faji huchagua sana. Inayoua bakteria hii inaweza kuipita ile nyingine bila habari, kwa hivyo lazima kwanza ujue mgonjwa ana bakteria gani. Mwaka 1921, madaktari wawili wa Ubelgiji, Bruynoghe na Maisin, walizitumia kutibu majipu.

Rafiki wa d'Hérelle, Giorgi Eliava, alianzisha taasisi Tbilisi, Jojia, mwaka 1923. Mwaka 1937 serikali ya Stalin ikampiga risasi, eti adui wa wananchi. Taasisi yake haikufa. Faji zake zilitumika kwenye vidonda vya wanajeshi wa Kisovieti. Kwingineko, miaka ya 1940, penisilini ilifika. Inaua aina nyingi za bakteria bila kuchagua sana, nani tena angehangaika na faji? Na tafiti za Wasovieti ziliandikwa kwa lugha ambazo madaktari wengi wa Magharibi hawakusoma.

Mpaka mwaka 2016, San Diego, Marekani. Tom Patterson alikuwa anakufa kwa bakteria sugu aliyoipata Misri. Mke wake, mtafiti Steffanie Strathdee, akaomba faji kwa wanasayansi. Baadhi zilitoka kwenye maji taka. Alipona.

Sitadanganya kwamba faji zingeokoa mguu wa shosho. Kidonda cha sukari kinahitaji pia damu ifike vizuri, na yake haikuwa inafika. Walimkata chini ya goti. Kinachoniuma ni kwamba hii njia ina zaidi ya miaka 100, na katika kliniki zote tulizopanga foleni hakuna aliyeitaja, hata kwa kusema haipo hapa.

Nilimsimulia shosho yote haya nikimbadilishia bandeji. Akauliza, "Hao watu wa Tbilisi wako mbali?"

"Mbali sana, shosho."

"Na maji taka?"

Mtaro unapita nyuma ya nyumba yetu.