Vumbi Lililotoa Siri ya Sumaku
Mwaka 1949, Wamarekani wawili, William Hiltner na John Hall, walitangaza jambo ambalo hawakulitafuta. Walikuwa wakiwinda alama ambayo Chandrasekhar aliitabiri katika mwanga wa nyota pacha zinazopatana kivuli. Badala yake wakakuta mwanga wa nyota nyingi tu umeelemea kutikisika upande mmoja, hasa nyota zilizo nyuma ya vumbi jingi. Ingekuwa rahisi kusema kifaa kibovu. Kumbe shida si kifaa wala si nyota, ni njia!

Mwaka 1951 Leverett Davis na Jesse Greenstein wakafafanua: chembe za vumbi zisizo duara hupangwa na uga wa sumaku wa galaksi, kisha huchuja mwanga unaopita. Uga huo ni dhaifu mno, kama mara laki moja chini ya ule unaogeuza dira hapa duniani. Unadumishwaje? Maelezo yanayokubalika zaidi ni dainamo: gesi yenye umeme, ikizunguka na kuvurugika, hukuza sumaku changa.

Vumbi hilo wanaastronomia walilichukia kwa sababu linaficha nyota. Basi ndilo lililowaonyesha sumaku, kitu ambacho hakuna darubini ingekiona chenyewe.